Nyumba ndani ya treni: safari za wankambo wetu kati ya Kalemie na Lubumbashi



Wakati tulikuwa sekondari, historia ya reli ya inchi yetu tuliisoma kwa vifupisho tu: BCK, CFL, kisha SNCC. Tuliandika miaka katika daftari, mwalimu akauliza kwenye ekzame, tukajibu, tukasahau. Hakuna mutu aliyetuambia watu walikula nini ndani ya zile vagoni. Hakuna aliyesema watoto walilala wapi, wamama walipika namna gani, na nini iliwafurahisha njiani. Leo ninataka kuzungumuza juu ya mambo hayo. Mimi nilisoma agronomi, si historia, kwa hiyo wale wenye walisoma historia wanivumilie na wanisahihishe.

Jambo hili lilianza nyumbani, siku moja ya Yenga, kisha kula bukari. Nilikuwa ninasoma kwenye telefone hadithi ya Mimi na Toutou, nikawa ninacheka peke yangu. Nkambo wangu, mama ya mama, akauliza: "Unachekaka nini na ile kitu?" Nikamuelezea.

Hadithi ile ni ya kweli. Mwaka wa 1915, katika vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani walikuwa na nguvu juu ya ziwa Tanganyika. Waingereza wakaamua kutuma mashua mbili ndogo za motere, kila moja na urefu wa metre 12 hivi. Majina yao ilikuwa Mimi na Toutou. Wakazipakia kwenye meli kubwa kutoka Uingereza mupaka Cape Town, kisha kwenye treni mupaka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na kuendelea mupaka Fungurume, pale reli ilikuwa inaishia. Kutoka Fungurume, wakazikokota katika pori na kuzipandisha milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu wetu wengi. Walipofika Bukama, wakashuka nazo muto Lualaba mupaka Kabalo. Pale wakazipandisha tena kwenye treni, wakafika ziwani Lukuga, yaani Kalemie ya leo. Tarehe 26 mwezi wa 12, wakakamata meli ya Wajerumani yenye jina Kingani. Mukubwa wao, Geoffrey Spicer-Simson, akajulikana. Mwaka wa 1935, mwandishi C. S. Forester akaandika riwaya The African Queen akiegemea vita ile ya ziwa, na mwaka wa 1951 ikatoka filme, yenye sehemu moja ilipigwa hapa kwetu, karibu na Ponthierville, Ubundu ya leo.

Nkambo alisikiliza yote. Kisha akasema: "Bukama, Kabalo, Kalemie? Ile njia njo yenye miye nilipita na mama. Na hatukukuwa na basoda. Tulikuwa na kuku mbili mu kitunga."

Nikanyamaza. Kwa kweli nilipata haya kidogo. Muzungu akipita ile njia na bunduki, tunaita aventire, wanaandika vitabu, wanapiga filme. Mama wa kwetu akipita ile ile njia na mutoto mugongoni, mbabula kichwani na vipande vya miti ya muhogo ndani ya kikwembe, tunasema tu "walihama". Mimi ninaona hii si haki. Na ninaona pia kwamba sisi wenyewe tuko kati ya wale wanaoendesha kosa hili.

Kwa nini familia zilikuwa njiani

Tukumbuke kidogo. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, ikafika Bukama mwaka wa 1918. Upande wa mashariki kulikuwa kampuni ingine, CFL, iliyoanzishwa mwaka wa 1902. Yenyewe ilijenga vipande vya reli pale muto haupitike: kutoka Stanleyville mupaka Ponthierville, kutoka Kindu mupaka Kongolo, na mwaka wa 1915 kutoka Kabalo mupaka ziwani. Reli hizi hazikujengwa juu ya kutupeleka kusalimia shangazi. Zilijengwa juu ya shaba, juu ya biashara, na juu ya kuleta wafanyakazi.

Katika miaka ya kwanza, kambi za kazi zilikuwa kambi za wanaume. Mutu alichukuliwa kwa miezi fulani, akafanya kazi, akarudi kwao, kama bado alikuwa muzima. Magonjwa yalikuwa mengi, wengine walitoroka. Kuelekea mwaka wa 1928, Union Minière ikabadilisha siasa yake: kontra ya miaka 3, na mufanyakazi aje na bibi yake ao aoe. Watoto nao wakahesabiwa, wakapata posho yao. Watu walitoka Kasai, Lomami, na mupaka Ruanda-Urundi. Haikuwa mapendo. Kampuni ilipiga hesabu kwamba mwanaume mwenye kuwa na nyumba anabaki kazini, na mutoto mwenye kuzaliwa kambini atakuwa mufanyakazi wa kesho.

Hesabu ile tunaijua, walimu wanaifundisha muzuri. Lakini mama mwenye kupanda treni hakupanda juu ya hesabu ya kampuni. Alipanda juu bwana yake alikuwa kule, na yeye alitaka kupika kwa moto wake mwenyewe. Makampuni yalifungua njia, lakini ni familia ndizo ziliingiza maisha ndani yake. Hii ndiyo historia ninayoitafuta.

Safari ya nkambo

Nkambo alisafiri akiwa mutoto, kabla ya mwaka wa 1956. Ninataja mwaka huo kwa sababu ndipo reli ya Kamina na ya Kabalo ziliungana. Mbele ya pale, hakukuwa treni moja ya kukutosha Albertville, ndiyo Kalemie, mupaka Elisabethville. Hata reli zenyewe hazikulingana: za CFL zilikuwa na upana wa metre 1, za BCK metre 1 na milimetre 67. Ilibidi kupanua reli za CFL kwanza ndipo vagoni zipite pande zote mbili.

Kwa hiyo safari ilikuwa na vipande tatu: treni kutoka Albertville mupaka Kabalo, meli ya kupanda Lualaba kutoka Kabalo mupaka Bukama, kisha treni ingine mupaka Elisabethville. Baba yake alikuwa amekwisha kupata kazi na nyumba, akatuma habari: mukuje.

Mama yake alifunga nini? Nkambo anahesabu na vidole. Mbabula moja na guni ya makala. Chungu mbili. Ndakala kavu. Unga. Chumvi. Kuku mbili, moja ya kula njiani, moja ya kuanza nayo kule. Mukeka. Mbegu za maharagi ndani ya kibuyu chenye kufungwa na nta. Na vipande vya muhogo, vyenye kuviringishwa katika kikwembe chenye maji kidogo. Nikamuuliza: nkambo, kwa nini mulibeba nyumba yote? Akaniangalia kama mutu mwenye hana akili: "Nyumba inabakiaka nyuma? Nyumba inaendaka na mama."

Anasema ndani ya vagoni, kisha siku ya kwanza, watu walikwisha kujuana. Mama mumoja mwenye kutoka upande wa Kongolo alikuwa na mafuta ya ngazi. Mama yake alikuwa na ndakala. Treni ikisimama kwa muda murefu, wamama wanashuka, wanawasha mbabula pembeni ya reli, wanapika mbio mbio, macho moja kwenye chungu, macho ingine kwa makinisti. Filimbi ikilia, wanapanda na chungu yenye moto ndani ya vitambaa, na wanakula bukari treni ikitembea. Nkambo anasema ile bukari haijawahi kupata ingine ya kufanana nayo. Mimi ninazani ni njaa. Yeye anasema ni upepo.

Pale Kabalo walingoja meli. Walilala inje kwenye mikeka, familia pamoja na familia, wakubwa wakapiga visimo na watoto wakajibu mupaka usingizi. Kisha meli. Hapo nkambo anabadilika sauti. Anasema meli ilikuwa inapanda polepole, inasimama kuchukua kuni, na kila pahali watu walikuwa wanakuja na vitu vya kuuzisha. Ankoro, Mulongo, Malemba-Nkulu. Majina haya anayataja kama mutu anayesali. Karibu na ziwa Kisale, mafunjo yalikuwa marefu kupita meli, pande zote mbili, na ndege nyingi sana. Usiku alisikia viboko. Aliogopa sana, akajificha ndani ya kikwembe cha mama, na kwa wakati ule ule alitaka meli isifike upesi. "Nilikuwa naogopa na nilikuwa nafurahi," anasema, "byote bibili mu tumbo moya."

Kama kuna mutu anayetafuta maana ya aventire, ndiyo ile.

Lupango

Walipofika, nyumba ilikuwa ndogo. Vyumba viwili, nyumba nyingi zenye kufanana, namba kwenye mulango. Posho ilitolewa kila juma. Kila kitu kilikuwa kimepangwa na wengine. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa kipande cha udongo, na kwa mama ya nkambo ule udongo ulikuwa wake. Juma ile ile alipanda sombe, kisha matembele, lengalenga na yale maharagi ya kibuyu. Kuku aliyebaki akafungiwa kamba kwa muguu mupaka azoee.

Hapa muniruhusu niseme kama agronome. Muhogo si mumea wa kwetu tangu mwanzo. Ulitoka Amerika, Wareno waliuleta kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16. Na sisi hatupandi mbegu yake, tunapanda muti. Maana yake, muhogo hauwezi kupeperushwa na upepo ao kubebwa na ndege kutoka Kalemie mupaka Lubumbashi. Kila aina ya muhogo yenye iko leo katika lupango fulani, kuna mutu aliyeibeba kwa mikono yake, na mara mingi mutu huyo alikuwa mwanamuke. Makampuni yaliandika tani za shaba. Lakini mizigo hii ya wamama hakuna aliyeipima.

Lazima niseme pia upande mwingine, la sivyo maprofesa wangu watanicheka. Vipande vya muhogo vinabeba magonjwa. Mozaiki, ule ugonjwa wa kukunjakunja majani na kuyatia rangi ya manjano, unaenezwa na nzi weupe wadogo, lakini unaenezwa pia na mikono yetu tunapopeana miti yenye tayari iko na ugonjwa. Leo mukinionyesha mama mwenye kupanda treni na kikwembe cha muhogo, nitamuomba nitazame majani ya shamba alipotosha ile miti. Lakini sitamuambia aache. Nitamuambia achague muti muzima.

Wakati wa konje

Kisha mwaka wa 1956, safari ikawa ya treni tu. Nkambo alipokuwa na watoto wake, miaka ya 1970, aliwapeleka Kalemie wakati wa konje kubwa. Muji haukuitwa tena Albertville, tangu mwaka wa 1966, na tangu 1974 reli zote zilikuwa chini ya kampuni moja ya Serikali. Mama yangu alikuwa mumoja wa wale watoto. Yeye anakumbuka mambo ingine: dirisha la kugombania na yaya yake, munkoyo ndani ya bido, mayai ya kuchemusha yenye kuuzishwa kwenye vituo, masizi kwenye uso. Na usiku wa kwanza pale Kalemie, aliona mataa mengi juu ya maji, akazania kuna muji mwingine ndani ya ziwa. Ilikuwa wavuvi wa ndakala. Wanavua usiku kwa mwangaza wa taa, juu ndakala wanafuata mwangaza. Mama anasema alikaa pale kwenye muchanga mupaka wakamuita kulala mara tatu.

Hawakufanya kitu kikubwa kule. Walioga ziwani, walisalimia wazee, walikula samaki, walipigwa juu ya kuchelewa kurudi. Lakini mama alijua tangu siku ile kwamba nyumba yao ilikuwa na mikono mibili, moja Lubumbashi, moja Kalemie, na reli ilikuwa inaiunganisha.

Siku treni ilibeba machozi

Nikiishia hapo, nitakuwa nimewadanganya. Mwaka wa 1992 na wa 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika Katanga. Walikuwa watu waliozaliwa hapa, watoto na wajukuu wa wale walioletwa na zile kontra. Walijazana kwenye vituo vya treni, zaidi sana Likasi na Kolwezi, wakingoja treni kwa majuma, hata kwa miezi. Walipika inje, walizaa inje, na wengi walikufa pale pale ao njiani, watoto zaidi.

Mimi sikukuwa bado nimezaliwa. Lakini nkambo alikuwa na rafiki kati yao, jirani wa lupango kwa lupango. Walichota maji pamoja kwa miaka mingi, na kila mwaka walibadilishana mbegu. Siku rafiki alifunga mizigo, nkambo alimupelekea kopo ya maharagi, yale yale ya kibuyu. Rafiki akauliza: nitayapanda wapi? Nkambo hakukuwa na jibu. Mupaka leo hajasikia tena habari yake, wala hajui kama kopo ilifika.

Ona namna mambo iko. Mbabula pembeni ya reli, mikeka inje, watoto wakilala juu ya mizigo: kwa macho, ni picha moja na ile ya safari ya furaha. Tofauti ni moja tu. Mara ya kwanza mama alikuwa anabeba nyumba akijua kule anaenda kuna mulango wenye unamungoja. Mara ya pili mulango ulikuwa umefungwa nyuma yake, na kule mbele hakuna aliyemujua. Vijana wenzangu, tunapozungumuza siasa kwa urahisi, "hawa warudi kwao", tukumbuke lile swali: nitayapanda wapi?

Kazi yetu sisi

Wengine watasema: haya ni mambo ya wazee wa nyumbani, si historia. Si kweli. Mwaka wa 1965, hapa hapa Lubumbashi, watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani mwa wazungu waliandikisha historia ya muji wao kwa Kiswahili chetu, kwa mukono wa André Yav, na leo wasomi wa dunia wanaisoma. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Iniversite ya Lubumbashi, alikusanya masimulizi ya maisha ya wafanyakazi na familia zao. Kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père kilitoka mwaka wa 2001. Njia iko tayari. Kile kinakosekana ni sisi kuketi na kuuliza.

Na wakati hautungoji. Mara ya mwisho nilimuuliza nkambo majina ya vituo kati ya Kalemie na Kabalo. Zamani aliyasema yote bila kupumua. Safari hii alisimama katikati, akatafuta, akakasirika, kisha akaanza kuzungumuza juu ya kuku. Nilizima telefone, juu sikutaka anione ninarekodi kusahau kwake.

Ninyi wenye muko na nkambo, baba mukubwa, shangazi, muwaulize mambo matatu tu. Mulipokuja huku, mulibeba nini? Njiani mulikula nini, na na nani? Na kitu gani mulipanda kwanza mulipofika? Muandike namna wanasema, kwa Kiswahili chao, bila kusahihisha.

Kwetu nyumbani sasa kuna mabishano. Nkambo anataka kuenda Kalemie mara moja ingine. Yaya yangu anasema, kwa umri wake, ni ndege ao abaki, na mimi ninaona yaya ana sababu: treni si nyingi, na safari yenye ilikuwa ya siku inaweza kuwa ya majuma. Nkambo anasema kwa ndege hataenda, juu kwa ndege mutu hapiti Kabalo. Hatujakata maneno. Lakini juma lililopita nilimukuta katika lupango, ameketi kwenye kiti chake kidogo, anachagua maharagi. Yale mabovu anatupia kuku. Yale mazuri anatia ndani ya kopo.

Sikumuuliza ya kupeleka wapi. Nilivuta kiti, nikaanza kuchagua naye.